Maneno ya Albamu ya Tano

Eufrasia hakuwa mtu wa kuona kinyaa hovyo. Kazi yenyewe isingemruhusu. Miaka sita amesimama kwenye maabara ya zahanati moja binafsi pale Somanda, mjini Bariadi, akipokea vikopo vya choo, makohozi ya asubuhi na usaha wa kila rangi, na ikifika saa nne ananawa mikono, anakunywa chai na maandazi yake matatu bila wasiwasi. Wenzake walimwita Tumbo la Chuma. Sasa niambie wewe, mtu wa namna hiyo, Ijumaa saa tano asubuhi, amekaa zake kwenye kiti na hedifoni masikioni, anatapikaje kwa sababu ya wimbo?

Lakini alitapika. Chai yote ikarudi.

Na wimbo wenyewe haukuwa mbaya. Hapo ndipo penye maumivu. Ulikuwa mzuri kuliko nyimbo zote alizowahi kusikia tangu azaliwe.

Nirudi nyuma kidogo ili tuelewane. Respicius, afisa kilimo kutoka Kagera, alihamishiwa Bariadi msimu wa pamba wa mwaka juzi. Siku ya kwanza kufika pale maabara alikuja kupima malaria. Kijana mrefu, mashati ya kunyoosha pasi, macho ya kutulia juu ya mtu mpaka mtu anasahau alichokuwa anakifanya.

"Majibu tayari, kaka. Huna malaria."

"Sasa nina nini?"

"Una usingizi. Nenda kalale."

Hakwenda kulala. Alirudi kesho yake akiwa mzima wa afya, akachomoa hedifoni moja sikioni mwake akampa. "Sikiliza hawa. Wanaitwa Hollow Almanac. Waingereza, miaka ya sabini. Ni roki, lakini siyo roki ya kupiga kelele tu. Wimbo mmoja una nyimbo nne tumboni mwake."

Eufrasia alidhani simu imeharibika. Kinanda kililia, ngoma zikakimbia, zikasimama ghafla, filimbi ikaingia peke yake taratibu, halafu wote wakarudi kwa pamoja wakiwa wamebadilisha mwendo. Dakika tisa nzima. Alipomaliza hakujua ameupenda au ameuchukia, akaomba kuusikia tena. Respicius akacheka, na kicheko kile ndicho kilichomaliza kazi.

Alimpa memori kadi yenye albamu nne. Kwa kuwa majina yake yalikuwa marefu, Eufrasia akazibatiza kwa picha za kwenye makava: ya Ngazi, ya Kuku, ya Saa na ya Mvua. Respicius alishikilia kwamba ya Saa ndiyo kazi yao bora, dunia nzima inasema hivyo. Eufrasia akabisha.

"Ya Saa wanajionyesha. Yule mpiga gitaa anapiga kama anasubiri kutuzwa."

"Umeanza kusikiliza juzi, leo unamkosoa?"

"Mimi binti wa manju. Nimezaliwa kwenye ngoma. Mtu anayejionyesha namjua hata akiwa Mzungu. Na ya tano je? Hapa mtandaoni imeandikwa walitoa tano."

"Ya tano takataka. Walikuwa wamechoka. Usipoteze bando lako."

Wakabishana hivyo miezi, na katika kubishana wakapendana. Maana Respicius, pamoja na muziki, alikuwa na maneno. Jamani, kijana alikuwa na maneno. Mara ya kwanza Eufrasia kunywa chai nyumbani kwake, usiku ule ule aliletewa ujumbe: *Kikombe chako sijakiosha. Mdomo wako bado upo pale.* Eufrasia anajua vizuri sana kinachoota kwenye kikombe kisichooshwa wiki nzima. Angeweza kukutajia kwa majina. Lakini aliusoma ujumbe ule akaikumbatia simu kifuani kama mtoto. Siku waliyokwenda Lamadi kuliangalia ziwa, alimshika mkono akamwambia, "Nitakuachia upande wa ukuta, wenye joto. Mimi nitalala kwenye baridi, nikikulindia nafasi." Nani angebaki na akili zake hapo?

Basi ile Ijumaa, kesho yake ilikuwa siku ya Respicius kwenda kujitambulisha Mwandoya, kwa baba yake Eufrasia. Wagonjwa hawakuwepo. Furaha imemjaa, mikono haina kazi, akaamua kumalizia kile alichokatazwa. Hakuwa mtu wa kuacha sahani nusu. Akaitafuta albamu ya tano.

Kava lilikuwa na kiti kitupu, basi. Upande mzima wa santuri ni wimbo mmoja, dakika ishirini na tatu. Kwa dakika sita hakuna ngoma, kinanda tu kinapumua, na sauti ya mwimbaji imezeeka, haitafuti sifa. Kabla hujafika nusu, Eufrasia alijua. Hii ndiyo. Zile nne nyingine walikuwa wanajifunza. Alishika simu amwandikie Respicius: umekosea, mpenzi wangu, kaisikilize tena.

Dakika ya kumi na moja vyombo vyote vikanyamaza na yule mwimbaji akaongea. Kwa Kiingereza chake cha taratibu alisema kikombe chako sijakiosha.

Eufrasia akatabasamu. Kumbe aliazima kamstari. Siyo dhambi.

Mstari uliofuata ulikuwa ule wa ukuta. Baada yake ukaja ule aliotumiwa Pasaka. Halafu ule wa siku ya kuzaliwa. Kila neno tamu alilopewa kwa miaka miwili lilipita mbele yake kwa kufuatana, limetafsiriwa tu. Dakika ya kumi na tisa mwimbaji akafika kwenye udongo, na sanduku, na watu waliovua kofia. Ukuta ulikuwa wa kaburi. Kikombe kilikuwa cha marehemu. Eufrasia akasoma kwenye intaneti kwamba mwimbaji yule alimzika mke wake, akaandika wimbo huo, na bendi ikafa hapo hapo.

Ndipo chai ikarudi.

Si wizi peke yake uliomchefua. Alikuwa ametongozwa kwa maneno ya msiba. Miaka miwili mtu anachota kwenye kaburi la mke wa mwenzake, anampakulia, naye anakula na kulamba vidole. Akanawa uso mara tatu na bado alijisikia mchafu.

Kwa nini hakumpigia simu palepale? Kwa sababu alimpenda, ndiyo maana. Alikuwa na miaka thelathini na moja, baba yake alikwisha kuwakataa wawili, na huyu wa tatu alimtaka mwenyewe kwa moyo wake wote. Akajiambia huenda kuna maelezo. Nitamtazama usoni kwanza. Akafunga begi akaenda Mwandoya.

*

Mzee Ngassa, baba yake, alikuwa manju aliyejulikana mpaka Kimali, mtunzi wa nyimbo za kundi lake la ngoma kwa miaka arobaini. Katika kundi lile alikuwa na sheria moja tu isiyokuwa na msamaha: ukiimba wimbo wa mwenzako, anza kwa kumtaja mwenyewe. Usipomtaja, ngoma zinanyamazishwa na unarudi nyumbani kwa miguu. Watu walimwona mkorofi. Yeye alisema wimbo wa mtu ni ng'ombe wake, una alama.

Respicius hakumpendeza tangu siku ya kwanza walipokutana mjini Bariadi. "Kwanza ni mtu wa kuhamishwa," alimwambia bintiye. "Leo yuko Bariadi, kesho barua inamkuta, yuko Lindi. Lakini hilo dogo. Kubwa ni kwamba ukimwuliza kitu, anakujibu kama anasoma mahali."

Eufrasia alinuna wiki mbili kwa neno hilo. Mwishowe mzee akakubali kumpokea, kwa sharti lake. Mshenga aje, sawa, lakini kwenye kumwombea binti mshenga akae kimya. Kijana aseme mwenyewe, maneno yake mwenyewe.

Jumamosi saa nane mchana wageni walifika. Mshenga alikuwa Mwalimu Maduhu, mstaafu mwenye suti ya kahawia. Respicius alishuka na shati jeupe, akasalimia "Mwadila" kwa lafudhi ya Kihaya mpaka shangazi Wilhelmina, dada yake Mzee Ngassa, akaziba mdomo asicheke. Akaenda kunawa kwenye tenki nyuma ya jiko. Eufrasia akamfuata na sabuni.

"Umependeza mpaka naogopa," Respicius alisema kwa sauti ya chini.

Macho yale yale, na moyo wa Eufrasia, mpumbavu, ukaruka vilevile. Akajichukia.

"Respi, nataka kukuuliza kitu. Ile albamu ya tano ya Hollow. Uliisikiliza?"

Maji yaliendelea kumwagika juu ya mikono yake. "Ile? Mara moja tu, zamani. Nikaifuta. Mbona leo?"

"Huikumbuki hata kidogo?"

"Takataka nizikumbuke za nini? Eufra, niache na muziki, natetemeka. Huyu mzee nitamwambia nini?"

Alikuwa amedanganya bila hata kope kupepesa. Eufrasia alihisi mate yanamjaa mdomoni, akayameza.

"Sema ya kwako," alimwambia. "Nakuomba sana. Hata yakiwa mawili. Mwambie, mzee nampenda mwanao na sijui kuongea. Ukisema hivyo tu, mimi nimeolewa."

"Hayo hayatoshi kwa mzee kama yule."

"Kwangu yanatosha. Niahidi."

"Nakuahidi," Respicius alisema, akafuta mikono kwenye khanga ya Eufrasia na kumfinya kidole. Akaenda ndani.

Sebuleni walikaa wazee upande huu, wageni upande ule. Eufrasia, kama ilivyo desturi, akaketi chumba cha pili na shangazi yake, pazia katikati, kila neno likisikika.

"Karibuni," alisema Mzee Ngassa. "Mwalimu nimekuona, wabeja, asante. Sasa kaa na mdomo wako. Kijana, nakusikiliza."

Eufrasia aliomba Mungu. Sema hujui kuongea. Sema nampenda. Sema hata habari ya pamba, nitakusamehe.

Respicius akakohoa.

"Mzee, mimi kikombe atakachonywea sitakiosha, ili mdomo wake ubaki pale. Nitamwachia upande wa ukuta, wenye joto. Mimi nitalala kwenye baridi, nikimlindia nafasi. Na kila jioni nitaita jina lake kwa sauti ya chini, nisije nikawa mtu aliyesahau njia ya nyumbani."

Eufrasia alibana pazia kwa vidole. Kisha akasikia sauti ambayo hakuwa ameisikia tangu mazishi ya mama yake, miaka minne iliyopita. Baba yake alikuwa analia.

"Nani amekueleza mambo yangu?" Mzee Ngassa aliuliza. "Nani kakwambia nalala upande wa mlangoni? Esteria wangu alikuwa analala ukutani. Mpaka leo sijasogea pale. Nani kakwambia?"

"Hakuna, mzee. Ni moyo tu," alijibu Respicius.

"Nimekukosea, kijana. Nilisema unasoma mahali. Mtu hawezi kusoma hayo. Nimeshindwa."

Shangazi Wilhelmina alikuwa ameshafuta machozi kwa ncha ya kitenge. "Umesikia? Baba yako ameshindwa. Sijawahi kumsikia akishindwa." Akamtazama. "Mbona umekunja sura hivyo?"

"Yale maneno siyo yake, shangazi. Ni ya wimbo. Ni ya mtu anamlilia mke wake kaburini."

Shangazi akasogea karibu. "Nani mwingine anajua?"

"Mimi tu."

"Basi ibaki hivyo. Mwanangu, wanaume wote wanaokota maneno. Marehemu mume wangu aliniokotea ya padri. Miaka thelathini na moja siyo kumi na minane. Meza."

"Nimemeza tangu jana. Hayakai."

"Eufrasia," baba yake aliita. "Njoo, mwanangu."

Aliingia akapiga magoti pembeni ya kiti cha baba yake. Macho ya mzee yalikuwa mekundu na uso wake umelegea kwa furaha, na kumwona hivyo kulimtia Eufrasia uchungu mkali kuliko kitu chochote cha siku ile. Angeweza kumwacha na furaha yake. Neno moja tu lilitakiwa.

"Huyu kijana amefika kwetu," mzee alisema. "Unamfahamu? Tumpokee?"

"Baba, kabla sijajibu, mwulize kama ulivyokuwa unawauliza waimbaji wako. Wimbo wa nani?"

Mzee Ngassa alimtazama, kisha akamgeukia mgeni pole pole. "Haya. Wimbo wa nani, kijana?"

Respicius alimwangalia Eufrasia. Macho yalikutana, na Eufrasia hakuyaficha yake. Aliyaacha wazi kabisa, ayasome, ajue kwamba anajua. Mlango ulikuwa wazi mbele yake. Alichotakiwa ni kutaja jina la mtu.

"Wangu, mzee," Respicius alisema. "Kutoka moyoni."

Eufrasia akatoa simu kwenye mfuko wa gauni, akapeleka wimbo kwenye dakika ya kumi na moja, akaiweka juu ya meza. Sauti ya mwimbaji ikatoka nyembamba kwenye kaspika ka simu. Akaanza kutafsiri, mstari baada ya mstari, sauti haipandi wala haishuki. Kikombe. Ukuta. Baridi. Njia ya nyumbani. Mwalimu Maduhu akainamisha kichwa akaangalia viatu vyake.

"Eufra, mbele za watu?" Respicius alinong'ona.

Mzee Ngassa aliinua mkono anyamaze. Alikuwa ameinamia simu, sikio karibu, kama alivyofanya zamani akisikiliza kundi la wapinzani. Kiingereza hakukijua hata neno.

"Huyu mtu amefiwa," alisema.

"Ndiyo, baba. Na mke."

"Inasikika." Akasikiliza tena, muda mrefu. "Huyu manju. Huyu ni manju kweli kweli." Halafu akamwangalia Respicius, na sauti yake ikawa ya upole wa kutisha. "Ulijua ni maneno ya msiba?"

"Mzee, hii ni sanaa tu. Neno zuri ni neno zuri, halina mwenyewe. Nia yangu kwa binti yako ni ya kweli."

"Sikukuuliza nia. Ulijua?"

"Nilijua."

"Na mimi kwamba nimefiwa, ulijua?"

Respicius alijifuta jasho. Pengine alidhani ukweli, hata ukichelewa, ungemsaidia. "Nilijua, mzee. Ndiyo maana niliyachagua. Nilijua yatakugusa."

Kidole alichofinywa kule tenkini Eufrasia alikifuta kwenye gauni, akakifuta tena. Alimfikiria mtu huyu ameketi nyumbani kwake Bariadi, anapima kilio cha baba yake kama mtu anayepima mbolea, kiasi gani kitatosha. Na bado, hebu ona, bado alimpenda, na kumpenda kwenyewe ndiko kulikomtia kinyaa zaidi.

"Nilikuomba mawili tu," alimwambia. "Pale nyuma ya jiko. Nilikuomba mawili ya kwako."

"Ningesema nini, Eufra? Sina maneno. Sijawahi kuwa nayo. Ungenipenda bila hayo?"

"Sasa hatutajua."

Wimbo ukafika kwenye udongo. Shangazi Wilhelmina alikuwa amesimama mlangoni, pazia begani, mikono kichwani. Mzee Ngassa hakuizima simu. Alijifuta uso kwa kiganja, akakaa sawasawa kwenye kiti, maana utaratibu ulikuwa bado haujaisha na yeye hakuwa mtu wa kukata utaratibu katikati.

"Eufrasia. Nimekuuliza, hujanijibu. Mbele ya shangazi yako na mbele ya mshenga. Huyu kijana unamfahamu?"

Respicius alimtazama kwa macho yale ya kutulia, akisubiri. Eufrasia akamtafuta mle ndani. Alimtafuta kwa haki kabisa, bila haraka.

"Hapana, baba," alisema. "Miaka miwili nimekuwa naye, na simfahamu."

Mwalimu Maduhu akasimama, akafunga kifungo cha koti lake, akamgusa Respicius bega ili watoke.